Nendeni Kwenye Moshi

SURA YA SABA

"Nani hapa ameona Ngalula? Ngalula wa Tata Kalombo, ule anasomaka picha ya satellite?"

Ngalula aliitambua sauti hiyo kabla hajainua kichwa, na ndoo ya maji ikamponyoka mkononi. Mama Mbuyu! Kati ya watu wote wa Kolwezi, mji huo wa Katanga, huyo ndiye ambaye hakumtarajia kabisa pale kwenye uwanja wa stesheni, mahali ambapo yeye na maelfu ya wenzake wenye asili ya Kasai walikuwa wakilala chini ya maturubai tangu mwezi wa tatu, walipotolewa majumbani mwao na kuambiwa wangoje treni ya kuwarudisha kwa babu zao. Sasa ulikuwa mwezi wa nane wa mwaka huo huo wa 1993, kiangazi kimekauka hadi majani yanalia chini ya miguu.

Mama Mbuyu alikuwa mama mzazi wa Tharcisse Mukalay, kijana aliyependana na Ngalula. Tena ndiye yule yule aliyesema mwaka uliopita, mbele ya Ngalula, bila kupunguza sauti, kwamba binti wa Kikasai hatapika jikoni mwake akiwa hai. Tangu siku ile hawakuwahi kusalimiana.

Leo alikuwa amesimama katikati ya mabegi na masufuria ya watu, jasho likimchuruzika, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Niko hapa, mama," Ngalula alisema.

Yule mama alimtazama toka kichwani hadi miguuni. Labda aliona jinsi alivyokonda. Labda hakuona kitu.

"Tharcisse anakuita kwa phonie, ile redio ya kituo cha misitu. Anasema ukuye mbio. Weye, hapana mutu mwingine."

Moyo wa Ngalula uliruka, kisha ukaanguka. Uliruka kwa kusikia jina. Ukaanguka kwa sababu alijua Tharcisse alikuwa wapi.

Siku nne zilizopita treni ya kwanza ilikuwa imeondoka na wagonjwa, wazee na wajawazito, watu kama mia sita. Mama yake Ngalula, Mama Mbombo, mwenye miguu iliyovimba, alikuwa behewa la pili. Ngalula na baba yake waliandikwa kwenye treni itakayofuata. Asubuhi ile ya kuondoka, treni ilipoanza kutambaa, Ngalula alimwona kijana mrefu mwenye kofia ya kikosi cha misitu akirukia ngazi ya behewa la pili, redio imefungwa mgongoni. Hakuwa ametumwa na mtu. Ngalula hakuwa amemwomba. Tharcisse alimpungia mkono mara moja tu, kana kwamba anakwenda sokoni, akaingia ndani kumtafutia Mama Mbombo mahali pa kunyoosha miguu.

"Treni imekufa mu njia," Mama Mbuyu alisema. "Iko kati ya Tenke na Lubudi. Machine haiwake tena tangu jana. Na sasa kuko moto."

"Moto wa wapi?"

"Njo ile anataka kukuuliza! Anasema moshi iko kila pahali, haone kitu. Anasema saa tisa satellite itapita."

Ngalula aligeuka kumtafuta baba yake, na kumbe alikuwa nyuma yake tayari. Tata Kalombo alikuwa karani wa mgodi kwa miaka thelathini na mmoja, na hata pale chini ya turubai alivaa tai kila asubuhi.

"Haendi," alisema.

"Tata..."

"Nimesema haendi. Mwezi wa tatu balimufukuza ku kazi kama mwizi. Leo banamukumbuka? Basome picha yabo beye benyewe!"

"Tata, mama eko mu ile treni."

Mkono wa mzee ulipanda kwenye tai ukaishika kama mtu anayeshika kamba.

"Na kama bakikukamata mu njia?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Atatembea na miye," alijibu Mama Mbuyu.

"Na weye uko nani kwake?"

Mama Mbuyu alifungua kitenge cha juu alichojifunga, kile cha wamama wa parokia chenye picha ya Bikira Maria, akamfunga nacho Ngalula kiunoni, akakaza fundo kwa nguvu hadi msichana akashika pumzi.

"Twende," alisema.

* * *

Kituo cha misitu kilikuwa juu ya kilima, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Wageni waliokijenga walileta sahani kubwa ya chuma na kompyuta mbili, wakamfundisha Ngalula kuzitumia; halafu mwaka wa uporaji, askari walipovunja maduka na nyumba za wageni, walipakia mizigo yao wakaenda zao wasirudi. Mashine zikabaki. Ngalula naye alibaki nazo. Kila alasiri setilaiti ilipopita juu ya nchi, sahani ilinasa picha, na Ngalula aliisoma: nukta nyekundu ni moto, weusi ni ardhi iliyoungua, buluu ni maji. Kisha alishika redio na kumwita kiongozi wa kikosi cha kuzima moto, huko porini aliko, akamwambia pa kwenda na pa kuepuka.

Kiongozi huyo alikuwa Tharcisse. Kwa miezi sita ya kwanza hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Walijuana sauti tu. Siku alipoingia ofisini kwa mara ya kwanza, amejaa masizi, alisimama mlangoni akasema, "Kumbe weye njo ile sauti," na Ngalula, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, akakosa la kusema hadi jioni.

Kwenye njia panda ya soko wanaume watatu waliweka gogo barabarani. Mmoja alisogea, fimbo mkononi, akamkodolea macho Ngalula.

"Mama Mbuyu, uyu nani?"

Ngalula alikaza fundo la kitenge. Uso wake walikuwa wanaujua. Jina lake tu lingetosha.

"Bibi ya mutoto wangu," alisema Mama Mbuyu.

"Bibi ya Tharcisse? Tangu lini?"

"Tangu lini weye unaniuliza mambo ya nyumba yangu? Mi nilikuosha siku ile ulizaliwa, mama yako eko anapoteza damu. Ondoa ile muti mu njia!"

Yule mwanamume aliangalia chini. Gogo likasogezwa.

Walitembea hatua mia mbili. Masikio ya Ngalula yalikuwa yanawaka kwa kuitwa mke wa Tharcisse.

"Usifikiri mambo mingi," Mama Mbuyu alisema hatimaye, akitazama mbele. "Nilisema ile juu batupitishe."

"Ndiyo, mama."

"Bon."

* * *

Ofisi ilinuka vumbi na mavi ya popo. Tangu mume wa Mama Mbuyu, mlinzi wa kituo, afariki, funguo zilikaa kwake, na yeye alikuwa amefunika kompyuta kwa shuka safi. Ngalula aliona lile shuka lililopigwa pasi, akashangaa. Umeme ulikuwapo. Alishukuru Mungu, akashika redio.

"Tharcisse, Tharcisse, Kolwezi inakuita. Kwako."

Mkwaruzo. Upepo. Halafu:

"Ngalula."

Alivyolitaja jina hilo, polepole, kama mtu aliyetua mzigo, Mama Mbuyu aliyekuwa mlangoni aligeuza uso akatazama nje.

"Niko hapa," Ngalula alisema. "Nielezee. Kwako."

"Tuko karibu na daraja, upande wa Tenke. Moshi mukubwa iko ku mashariki, karibu sana, inatuingia ndani ya macho. Ku magaribi kuko bonde na kijito, kule ni wazi, moshi kidogo tu. Batu banataka kukimbilia ku kijito. Chef de train, mukubwa wa treni, Tata Kabemba, naye anasema vile. Mais mi niko na wasiwasi. Upepo inatoka kusini na inanuka moto mupya. Sione kitu kule juu ya kilima. Kwako."

"Usibaache batembee. Ungoje picha. Dakika makumi tatu. Kwako."

"Ngalula, makumi tatu ni mingi."

"Najua, Tharcisse. Ungoje."

Injini ndogo ya kuzungusha sahani ilikuwa imekufa zamani. Katika siku za kazi wanaume wawili ndio waliozungusha gurudumu kwa mkono wakati setilaiti ikipita. Ngalula alitazama saa, akatazama gurudumu nje ya dirisha, akamtazama mama wa watu wa miaka hamsini na nane.

"Mama, nitakuomba kitu."

"Usiombe. Sema."

Basi Mama Mbuyu alikunja mikono ya blauzi yake, akashika lile gurudumu la chuma lililochomwa na jua.

"Polepole ku kushoto!" Ngalula alipiga kelele kutoka dirishani, jicho moja kwenye sindano ya mawimbi. "Tena! Tena kidogo! Hapo! Sasa inua!"

"Inua wapi?"

"Ile gurudumu ya pili, mama! Ile ya chini!"

"Ungesema chini!"

Sindano ilipanda. Kule juu, mahali ambapo jicho lolote lisingeweza kufika, kile chombo kilikuwa kinapita kimya, na mstari wa kwanza wa picha ukajichora kwenye kioo. Halafu wa pili. Dakika kumi na mbili, mama akizungusha, binti akiita, jasho likiwatoka wote wawili.

Picha ilipokamilika Ngalula alifuta macho kwa pembe ya kitenge. Kwanza alitafuta ziwa la Nzilo, doa lenye umbo la mkono uliokunjwa, akalitumia kuweka sawa karatasi yake ya plastiki aliyochorea reli kwa kalamu miaka miwili iliyopita. Palepale Kolwezi hapakuwa na nukta yoyote; zamani tanuri za mgodi zilikuwa zinang'aa kila siku kwenye picha hadi akazoea kuziacha asizihesabu. Zilikuwa zimezimika. Akafuata reli kwa kidole, Tenke, halafu kaskazini, kilomita baada ya kilomita.

Akaona.

Mashariki, kule moshi ulikokuwa mzito, nukta zilikuwa chache, zimetawanyika kama punje za mahindi. Kuzizunguka kulikuwa na weusi mpana. Moto wa zamani! Ulikuwa umekwisha kula kila kitu. Kilichobaki ni magogo yanayofuka. Na ule weusi uligusa reli kabisa, kwenye kona, baada ya alama ya daraja aliyoichora kwenye karatasi yake.

Lakini kusini, nyuma ya kilima, nukta saba zilijipanga bega kwa bega. Huo ulikuwa moto mpya. Upepo unausukuma. Na njia yake ya kushukia, njia pana yenye nyasi ndefu kavu, ilikuwa lile bonde la kijito.

Nukta moja ni kilomita nzima. Mtu haonekani, treni haionekani, hata daraja lenyewe halionekani. Kama karatasi yake imesogea kwa upana wa ukucha, atakuwa amewapeleka watu mia sita, na mama yake, katikati ya moto.

Alipima upya, akaanzia tena ziwani. Akapima mara ya tatu.

"Tharcisse. Unisikilize muzuri. Hapana kwenda ku kijito. Moto mupya iko nyuma ya kilima, ku kusini, na itashuka mu ile bonde. Labda saa moja, labda chini. Fuateni reli, muende upande wa Lubudi, mupite daraja, halafu muingie mukono ya kuume. Kule inchi ilishaungua. Kwako."

Tharcisse aliyarudia maneno hayo:

"Mukono ya kuume njo ku moshi."

"Njo ku moshi. Nendeni kwenye moshi. Chini ya ile moshi kuko majivu tu."

Alisikia upande ule watu wakifoka, mtoto akilia, na sauti nene ya mzee, bila shaka Tata Kabemba, akisema kwamba hawezi kupeleka watu motoni kwa sababu ya msichana aliyekaa ofisini Kolwezi.

"Tharcisse," Ngalula alisema. "Kama nimekosea..."

"Miaka tatu ninatembea ndani ya moto juu ya sauti yako," Tharcisse alijibu, na kwa jinsi alivyosema ilijulikana kwamba hakuwa anamwambia Ngalula peke yake. Alikuwa anawaambia wale waliomzunguka. "Haukunipoteza hata siku moja. Tunakwenda. Mama yako namubeba miye. Kwako."

"Anatembea aje, na ile miguu?"

"Hatembee. Eko ku mugongo yangu. Anasema niko na mifupa ngumu kama kitanda ya bagonjwa ya lopitalo."

Ngalula alicheka, na kile kicheko kikageuka katikati kikawa kilio.

"Ngalula, batri inakwisha, nitazima. Mbele nizime, kuko neno nilitaka kukuuliza. Nilikuwa naingoja siku ya muzuri."

"Usiulize sasa."

"Kama isipokuwa sasa..."

"Ufike kwanza!" alipaza sauti. "Unisikie, Tharcisse Mukalay? Ufike, uulize ukiwa mu majivu!"

"Nikifika utajibu nini?"

Ngalula alihisi macho ya Mama Mbuyu kisogoni. Aliuma mdomo.

"Fika," alisema.

Redio ikazimika.

* * *

Saa kumi. Saa kumi na nusu. Ngalula hakuondoka kwenye kiti. Alitazama ile picha ambayo isingebadilika, kana kwamba nukta zingesogea akizitazama vya kutosha. Mama Mbuyu aliingia na sahani ya viazi vitamu, akaiweka mezani kati yao, akaketi.

"Kula."

"Siwezi, mama."

"Hata miye siwezi. Tukule vile vile."

Walikula kutoka sahani moja, wakivunja vipande vidogo kama watu wanaokula dawa. Viganja vya Mama Mbuyu vilikuwa vimetoka malengelenge kwa lile gurudumu. Ngalula alivishika bila kufikiri, akavigeuza, akamwaga maji kidogo ya kunywa juu yake. Mama hakuondoa mikono.

"Nitakuambia kweli," Mama Mbuyu alianza. "Nilikukatala juu ya kabila yako. Sina njia ingine ya kusema. Nilisikia maneno ya batu, nikaimeza yote."

Ngalula aliendelea kumwagia maji.

"Mwezi wa tatu, siku ile balipita kubatoa ninyi mu manyumba, nilisimama ku mulango yangu. Niliona mama yako anabeba mutungi na inaanguka. Sikutoka. Mutoto wangu alitoka, mi sikutoka. Akarudia mangaribi, hakunisemesha siku makumi mbili. Mutoto moja niko naye tu, Ngalula, na alikuwa ananipita ndani ya nyumba kama vile anapita kiti."

"Alinificha ile," Ngalula alisema kwa sauti ndogo. "Kila siku aliniambia, mama anakusalimia."

"Nani? Miye?"

"Ndiyo, mama. Kila siku."

Mama Mbuyu alimkazia macho, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Ngalula hakujua kama anacheka au analia, wala pengine yeye mwenyewe hakujua.

"Mwongo mukubwa," alisema, akijifuta kwa mkono uliolowa. "Baba yake njo alikuwa vile."

Saa kumi na moja ilipita. Jua lilishuka hadi kwenye kioo cha dirisha. Ngalula aliita mara moja, mara mbili, mara ishirini. Kila mara alipoachia kitufe, wote wawili walisogeza vichwa kwenye redio hadi vikagusana.

Saa kumi na moja na dakika arobaini, mkwaruzo.

"Kolwezi..." Sauti ilikuwa imechubuka hadi haifanani na ya mtu. "Kolwezi, tuko mu majivu. Tuko bote. Kwako."

Ngalula aliminya kitufe na hewa tu ikatoka.

"Moto ilipita mu bonde kama vile ulisema," Tharcisse aliendelea. "Kijito haiko tena. Mabehewa tatu ya nyuma inaungua. Tata Kabemba eko hapa, ameketi chini. Mama yako anaomba maji. Batri imekwisha kabi..."

Hapo Mama Mbuyu alimpokonya Ngalula kipaza sauti.

"Tharcisse! Uko unanisikia? Ni mama yako!"

"Mama? Unafanya nini kule?"

"Nazungusha sahani! Sikiliza. Ile neno ulikuwa unataka kuuliza, uliza!"

"Mama, batu beko hapa mia sita, banasikia..."

"Muzuri, basikie! Uliza, batri yako inakufa!"

Ngalula alisikia, mbali sana, wanawake wa Kikasai wakianza kucheka katikati ya majivu.

"Ngalula," Tharcisse alisema. "Nataka nikuoe. Hapa, kule, pahali popote batakuacha ukae. Utakubali? Kwako."

Mama Mbuyu alimrudishia kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni maji.

"Nimekubali," Ngalula alisema. "Nilikubali zamani. Ulikawia kuuliza."

Kama alisikia jibu lote au nusu yake, hakujua. Redio ilikuwa imenyamaza.

* * *

"Utakaa hapa," Mama Mbuyu alisema alipomrudisha stesheni. "Kwangu. Nitakuficha."

Ngalula alitikisa kichwa. "Kwa siku ngapi, mama? Bale ba ku njia panda balinitambua. Wiki moja, mbili, batakuja. Na baba yangu atakwenda na nani?"

Mama Mbuyu alijua. Alimwachia kile kitenge, akaenda.

Treni ya pili ilikuja baada ya siku tatu, injini nyingine ilipokwisha kuwachukua watu wa treni ya kwanza na kuyaondoa mabehewa yaliyoungua relini. Watu walikuwa wameshapanda, wengine juu ya paa, wengine ngazini, na Ngalula alikuwa anamsukumia baba yake sanduku la bati ndani ya behewa, alipomwona Mama Mbuyu akipasua umati, kichwani amebeba mzigo.

Aliushusha. Ilikuwa valisi ya kahawia, sanduku la nguo lililofungwa kwa kamba.

"Mashati yake iko ndani," alisema haraka haraka. "Na suti ya baba yake. Itamubana ku mabega, utaifungua mushono. Na cheti ya ubatizo, juu padri wa kule ataiuliza."

Ngalula alielewa, na kuelewa kulimwuma. "Mama, mi sikumwambia akuache. Naweza kungoja. Siku moja..."

"Mi njo namutuma." Kidevu cha Mama Mbuyu kilitetemeka, akakikaza. "Akirudia hapa bila weye, nitapata kiti kingine ku nyumba. Sitaki kiti. Umupeleke. Batoto bakizaliwa, munitumie picha."

Walikumbatiana pale chini, katikati ya miguu na magunia, mama wa Katanga na binti wa Kasai, na watu wakawapita bila kujua wanachokiona. Treni ilipovuta, Tata Kalombo aliinamisha kichwa kwa Mama Mbuyu kutoka mlangoni, taratibu, kama alivyokuwa akiwainamia wakubwa wake wa kazi.

Walifika Lubudi kesho yake, saa nne asubuhi. Tharcisse alikuwa ukingoni mwa reli, amebaki kuwangoja. Nyusi zake zilikuwa zimeungua zote mbili, na hilo lilimpa sura ya mtu aliyeshangaa daima. Mama Mbombo alikuwa ameketi kando yake juu ya kasha, amemshika mkono wa shati asipotee. Ngalula aliruka kabla treni haijasimama sawasawa. Alitaka kukimbia, lakini alipobakiza hatua mbili alisimama ghafla, kwa sababu watu walikuwa wengi na baba yake alikuwa nyuma.

Tharcisse alitazama uso wake, kisha akaiona valisi mkononi mwake. Akaitambua.

"Mama..." alisema.

"Njo alipanga bitu bile. Yeye mwenyewe."

Alipokea valisi, akaisimamisha chini, akabaki ameinamia kamba zake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, na haikuwa kwa moshi. Kidole chake kimoja kiligusa kidole kimoja cha Ngalula. Basi. Lakini Ngalula alisikia mguso huo hadi magotini.

"Kijana," Tata Kalombo aliita kutoka mlango wa behewa.

"Ndiyo, tata."

"Kule tunaenda hatuna nyumba. Mi mwenyewe sikujue kule. Nilizaliwa Kolwezi, kama weye. Batakuita mugeni, na batoto babo batakucheka ukisema. Unaelewa?"

"Naelewa, tata."

"Batakuuliza Mukatanga anatafuta nini kati yetu."

"Nitabaambia namufuata bibi yangu."

"Si bibi yako bado!" mzee alikemea.

"Hapana, tata. Bado."

Filimbi ililia. Walimpandisha Mama Mbombo, watu wakabanana, mtu akavuta mguu, mwingine gunia. Ndani ya behewa hapakuwa na nafasi hata ya kuku. Tata Kalombo alitazama kushoto na kulia, akaguna, kisha akasogea kwenye sanduku lake la bati hadi ukingoni kabisa, na kwa kiganja akapiga mahali palipobaki.

"Kaa hapa. Weye, Ngalula, kaa kule na mama yako. Si mbele ya macho yangu."

Tharcisse aliketi. Treni ilijivuta, ikasita, ikaanza kwenda. Tata Kalombo alinyoosha tai yake, akasafisha koo, akaweka mikono miwili magotini kama wafanyavyo wazazi wa msichana siku ya posa, ukumbi umejaa na vinywaji vimewekwa.

"Bon," alisema. "Tuanze. Baba yako aliitwa nani, na alizaliwa wapi?"

Tharcisse aliketi wima, akavua kofia, akaanza kujibu.